Unameza Dawa ya Thairoidi na Bado Umechoka?

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Homoni yake ikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo: uchovu usioishia usingizini, kuhisi baridi wenzako wakitoka jasho, choo kigumu, nywele kukatika, hedhi kuvurugika, kusahausahau. Dawa yake ni levothairoksini, na wengi hupata nafuu nayo. Kijitabu hiki ni chako wewe uliyeimeza kwa miezi na bado hujioni mzima. Usikubali kuitwa mvivu. Uchovu huo una chanzo, na kinafaa kutafutwa.

Muda

Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku 7 hivi nusu yake bado imo. Ndiyo maana kipimo cha TSH hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi. Mara nyingi ukipima mapema zaidi unapoteza fedha tu. TSH ndiyo homoni inayoihimiza thairoidi ifanye kazi. Ikiwa juu, mwili bado unadai. Nywele na ngozi hukawia kupona hata baada ya majibu kutengemaa.

Kidonge na chai ya asubuhi

Kabla dozi haijaongezwa, tazama unavyomeza. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Ukikisindikiza kwa chai ya maziwa na chapati, au kwa kahawa, sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, pamoja na vya kalsiamu, huizuia dawa vibaya zaidi: viachanishe kwa saa 4. Omeprazoli na dawa nyingine za kiungulia nazo hupunguza asidi inayosaidia kidonge kuyeyuka. Usiziache kwa uamuzi wako, ila daktari ajue unazitumia.

Ikiwa asubuhi yako haina nafasi, zungumza na daktari kuhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya chakula. Utaratibu huo huwafaa wengi wanaofunga Ramadhani. Wengine huamka nusu saa kabla ya daku. Mwone daktari katika mwezi wa Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Joto pia huharibu dawa hii. Katika miji ya pwani usiiache dirishani wala ndani ya gari; itunze kwenye pakiti yake, mahali pakavu na penye ubaridi. Duka likikupa ya kiwanda kingine, uliza kama upime tena.

Na siku ulizokosa dawa, hata kwa kukosa fedha, zitaje. Daktari asipojua atakuongezea dozi, na mwezi utakaoimeza yote itakuzidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupaa. Dozi iliyozidi kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na huvuruga mapigo ya moyo.

Majibu mazuri, mwili mzito

TSH ikiwa sawa, kuongeza dozi si suluhisho. Omba upimwe upungufu wa damu, vitamini B12 na kisukari. Mwambie daktari kama unakoroma na pumzi hukatika usingizini, kama hedhi inaelekea kukoma, au kama moyo umejaa huzuni isiyoondoka.

Mambo mawili yasipuuzwe. La kwanza ni kukonda, kizunguzungu unaposimama, hamu ya chumvi, na weusi mpya kwenye ufizi na mistari ya viganja. Huenda tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo zimeshindwa, na hapo levothairoksini peke yake inaweza kuhatarisha maisha. La pili linamhusu mama aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huenda iliumia, na kwake TSH inaweza kusomeka ya kawaida ilhali homoni imepungua. Anahitaji kipimo cha T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe, na kotisoli, homoni ya adrenali, ipimwe kwanza kabla ya dawa ya thairoidi kuanza au kuongezwa.

Mimba

Ukijua tu una mimba, nenda kliniki. Usingoje miezi mitatu. Wengi huhitaji dozi kupanda kwa robo hivi au zaidi, kwani mtoto hutegemea homoni ya mama mwanzoni. Usiache dawa kamwe.

Siku ya kliniki

Beba pakiti, majibu ya zamani, na orodha ya kila unachotumia, dawa za mitishamba zikiwemo. Vidonge vya kukuza nywele mara nyingi huwa na biotini, nayo huweza kupotosha majibu ya maabara. Viache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na useme ulikuwa unavitumia.

Mgonjwa akichanganyikiwa, mwili ukapoa na akawa haamshiki vizuri, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.