Kivimbe Kwapani: Kisichouma Ndicho cha Kukimbiza Hospitali

Mdogo wangu, mambo ya kwapa huulizwa kwa kunong'ona, na aibu hiyo imewachelewesha wengi wetu huku Kisii na Nyamira. Leo tuyaseme wazi.

Kwapani kuna tezi zinazochuja vijidudu vinavyotoka mkononi, kifuani na kwenye titi. Wewe unayechuma majani chai kule Kebirigo au Nyansiongo unajua vidole vinavyopasuka. Mpasuko mdogo kando ya ukucha ukiingia usaha, hazipiti siku nyingi kabla hujapata mtoki kwapani, upande uleule. Unauma ukiguswa na unateleza chini ya kidole. Hapo kwapa liache, tibu kidole: kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunge, na homa ikipanda au wekundu ukianza kupanda mkononi, nenda dispensari siku hiyohiyo. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea.

Jipu ni jambo jingine. Mara nyingi hutokea baada ya kunyoa, unywele ukiota kuelekea ndani. Usilikamue, wala usikubali mtu alipasue kwa wembe nyumbani na kulipaka majivu. Likande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Wembe wako uwe wako peke yako, hata kama mnalala chumba kimoja na dada yako. Na kama majipu yanarudi kila mara, makwapa yote mawili hadi kwenye kinena, yakiacha makovu na matundu ya usaha, huo ni ugonjwa wa ngozi. Si uchafu na hauambukizi. Inaniuma kuona msichana akijisugua hadi kuchubuka kwa sababu amesimangwa kuwa haogi, ilhali anachohitaji ni daktari.

Mama aliyejifungua anaweza kufura kwapa maziwa yanapoingia. Asilikamue kwapa, aweke kitambaa baridi. Mtoto mchanga naye, kwa kuwa chanjo ya BCG hapa kwetu huchomwa mkono wa kushoto, anaweza kuvimba tezi ya kwapa la kushoto baadaye. Mwonyeshe muuguzi kliniki, usimkande wala kumchanja.

Sasa nisikilize vizuri. Tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu, na hapo ndipo tunapopotea. Kivimbe kigumu, kisichouma, kisichosogea, kinachokua polepole, ndicho kinachonitia hofu. Mama anasema hakimsumbui, anaendelea kushusha ndizi soko la Daraja Mbili, na miezi inakatika. Saratani ya titi inaweza kujionyesha kwapani kabla hujagusa chochote kwenye titi. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache. Kifua kikuu cha tezi pia mara nyingi hakiumi. Kinaweza kuja na kukonda na jasho la usiku, na dawa zake katika hospitali za serikali ni bure. Virusi vya Ukimwi navyo huvimbisha tezi, kwa hiyo pima.

Jipapase ukiwa unaoga. Usiinue mkono juu, maana misuli itakaza na kuficha kitu. Uache umelegea ubavuni, kisha kwa nyama za vidole vitatu ingia ndani kabisa ya kwapa, ukishuka ukibonyeza kwenye mbavu. Linganisha pande zote mbili.

Kivimbe kikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya, au uombe upelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Daktari atapapasa na titi pia, usishtuke. Ni haki yako kuomba muuguzi wa kike awepo. Huenda ukapigwa picha, kisha ukatolewa chembe kwa sindano. Wanaosema sindano hiyo husambaza saratani wanakutisha bure.

Kama unacho sasa hivi na wiki mbili zimepita, nenda kesho asubuhi. Majani chai yatachumwa na mwingine siku hiyo.