Adui ninayemwona, bado ana faida?

SWALI: Katika Dungeons & Dragons, mhusika wangu alitumia uchawi wa kuona visivyoonekana. Msimamizi wa mchezo akasema adui asiyeonekana bado anarusha dadu mbili dhidi yangu. Ni haki?

JIBU: Kwa kitabu cha kanuni cha 2014, maneno yenyewe yako upande wa msimamizi. Kipengele kinachompa asiyeonekana faida, yaani dadu mbili za pande 20, achukue iliyo kubwa, hakisemi lolote kuhusu anayemwona. Lakini usomaji huo unaufanya uchawi wako karibu kuwa bure, nami siukubali kabisa: faida ile imetokana na kutoonekana. Kitabu cha 2024 kimeziba mwanya huo, kwamba dhidi ya anayemwona, asiyeonekana hana faida hiyo. Mwombe msimamizi afuate hicho, na mkubaliane kabla ya pambano lijalo.