Amana Iliyomo Katika Simu

Amana si fedha peke yake. Siri ya mtu ni amana. Jina lake na namba yake alizokupa ili mpate kuwasiliana ni amana vile vile. Mwenyezi Mungu, katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe; na katika Surat al-Hujuraat, aya ya 12, ametukataza kupelelezana. Basi natuitazame simu kwa mizani hii.

Watu wengi wamwogopa mwizi wa simu, wala hawamwogopi yule wanayemfungulia mlango kwa mikono yao. Hali hii yakumbusha yaliyopita katika kilima cha Salaita, njia ya Voi na Taveta, tarehe 12 Februari 1916. Jeshi la Waingereza lilipiga mizinga juu ya kilima, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, penye kitako chake. Likashindwa siku ile. Nasi twalinda mfuko, na hali khatari iko katika neno "Kubali".

Mfano wake ni programu za mikopo. Mtu ana haja ya shilingi chache. Programu yataka ruhusa ya kusoma majina yaliyomo katika simu yake, naye akubali bila ya kufikiri. Akichelewa kulipa, hupigiwa simu mkwewe, imamu wa mtaa na tajiri wake, wakatangaziwa deni lisilowahusu. Mwezi wa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya Kenya iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine. Mara nyingi mkopo wenyewe una riba; sasa khiana yaongezwa juu ya riba!

Huenda mtu akasema: "Simu ni yangu." Naam, simu ni yako, walakini majina yaliyomo ndani yana wenyewe, na ruhusa yako si ruhusa yao.

Basi yatupasa haya:

Kwanza, programu ya tochi ikitaka majina ya watu, tuikatalie. Tochi haina haja nayo.

Pili, ruhusa tulizokwisha kutoa tuzitazame katika mipangilio ya simu, na zisizo na haja tuziondoe.

Tatu, namba ya siri ya M-Pesa asiambiwe mtu, hata akidai kuwa ni mtumishi wa kampuni.

Nne, simu isiuzwe kabla ya kufutwa yaliyomo.

Tano, aliyedhulumiwa ashitaki kwa Ofisi hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa haki.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.