Kabla ya Zeus, na Kabla ya Kariakoo

Zeus anajulikana hata na watoto wa Gerezani, kwa sababu ya sinema. Wasomaji kadhaa wanataka kujua waliomtangulia, na kama nchi yetu hii ya Pwani nayo ilikuwa na wa kwake.

Swali: Zeus ndiye mungu wa kwanza wa Wagiriki?

Hata kidogo. Zeus ni mjukuu. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya Kristo, anaanza na Chaos, uwazi mtupu. Wakafuata Gaia, yaani Ardhi, Tartarus wa vilindini, na Eros. Chaos akawatoa Erebus, giza, na Nyx, usiku. Hao wawili wakamzaa mchana, Hemera. Gaia naye, bila mume, akazaa mbingu, milima na bahari.

Swali: Mbona hatuwasikii?

Hawana visa. Zeus ana wake, ugomvi na radi. Erebus hana kisa cha kujaza hata ukurasa mmoja. Lakini msiwadharau. Mshairi Homer anasimulia kwamba Usingizi alimlaza Zeus kwa hila, kisha akakimbilia kwa Nyx. Zeus, pamoja na hasira zake zote, alirudi nyuma. Hakuthubutu kumuudhi Usiku.

Swali: Dar es Salaam je?

Wazaramo, wenyeji wa hapa tangu Kariakoo haijawa soko wala kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, walimjua Mulungu aliye mbali, na Kolelo aliyefikika kwa miguu. Makao ya Kolelo ni pango katika milima ya Uluguru, upande wa Matombo, na alisimuliwa kuwa joka. Mvua na rutuba ya mashamba vilikuwa mkononi mwake. Ukame ukizidi, watu wa Uzaramo walituma wajumbe na sadaka mpaka huko, na walinzi wa pango ndio waliowaeleza anachosema. Jina lake limebaki katika kata ya Kolero, Morogoro Vijijini.

Swali: Basi Kolelo ndiye Chaos wetu?

Hapana, na nawasihi tusilazimishe. Kolelo hakuumba ulimwengu. Anayemkaribia ni Gaia wa Delphi, mahali pa uaguzi huko Ugiriki: Wagiriki walisema Ardhi ndiye aliyetoa uaguzi pale kabla ya mungu Apollo, na joka Python akipalinda. Hata rangi zinakutana. Katika Iliad, utenzi wa Homer, Jua linachinjiwa kondoo dume mweupe, Ardhi kondoo jike mweusi. Kwetu tambiko la mvua linataka nyeusi, rangi ya wingu lililobeba maji. Ndiyo maana ya kaniki, nguo ile nyeusi isiyo na ua wala maandishi, ambayo Kariakoo inauzwa pamoja na kanga.

Swali: Kolelo alihusika na vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani?

Ndiyo. Mwaka 1905 ilienea habari Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kuwalipa Wazungu kodi. Kusini, Kinjikitile wa Ngarambe alisema amepandwa na Hongo, pepo wa majini; Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Mizimu ya mvua ilikuwa imeingia siasa. Zeus, kwa kadiri nijuavyo, hakuwahi kugomea kodi.

Swali: Haya yameandikwa wapi?

Mengi aliyaandika Martin Klamroth, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Uzaramo. Msome kwa tahadhari: alikuja kuwageuza watu dini, si kuwasikiliza tu. Marja-Liisa Swantz, aliyechunguza mila za Wazaramo kijijini Bunju na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, anaaminika zaidi kwangu, maana alikaa na wanawake na kuyaona matambiko yenyewe. Lakini vitabu vyao havipo kwa Kiswahili kwenye meza za wauza vitabu wa mjini. Mwenye bibi au babu Kisarawe au Maneromango amuulize kuhusu Kolelo mwaka huu, na amrekodi kwa simu.