KENGELE NNE, WATU WAWILI

Nilipokuwa masomoni Uingereza, mzee mmoja jirani yangu alinikaribisha sebuleni kwake, akanipa kengele mbili ndogo za mkono, moja kila upande. Yeye akashika mbili. Nikadhani tutapiga wimbo. La! Ilikuwa hesabu tupu.

Masharti ni haya. Kengele yenye sauti nyembamba kabisa huitwa 1, na nene kabisa 4. Mwanzo hulia kwa zamu, 1234. Baada ya hapo kila safu lazima iwe na mpangilio mpya, wala kengele hairuhusiwi kuhama zaidi ya nafasi moja. Karatasi ya kutazama hakuna. Kengele 4 zina mipangilio 24. Kengele 6 zina 720. Kengele 8 zina 40,320. Mwaka 1963, mjini Loughborough, watu wanane walipiga hiyo yote 40,320 kwa kengele kubwa za mnara, saa 17 na dakika 58 bila kupokewa!

Sasa, ndugu msomaji, andika haya daftarini:

1234, 2143, 2413, 4231, 4321, 3412, 3142, 1324.

Ifuate namba 1 kwa kidole. Yaenda nyuma hatua kwa hatua, yakaa mara mbili, kisha yarudi mbele. Mwendo huu huitwa Plain Hunt. Ukiendelea vivyo hivyo utaangukia 1234 tena, na safu 16 hujazipiga. Kwa hiyo baada ya 1324 kengele mbili za mbele hukaa mahali pake, na mbili za nyuma hubadilishana: 1342. Toka hapo shika mwendo ule ule. Ukifanya hivyo mara tatu, safu 24 zimetimia nawe umerudi 1234. Hii ndiyo Plain Bob.

Mimi nilikuwa na 3 na 4. Nilikariri safu zote kama shairi, nikajiona bingwa. Kila tulipofika 1324, mkono wa kulia ukakimbilia nafasi ya tatu kwa mazoea. Nafasi ya pili ikawa kimya, na ya nne zikagongana kengele mbili. "Simama," akasema mzee. Jioni tatu tulikwama hapo hapo, nami ni mwalimu wa hesabu! Nilitaka kumrudishia kengele zake.

"Acha kukariri," akaniambia. "Sikiliza namba moja ikirudi mbele, kisha ujue mikono yako iko wapi."

Nikasikiliza. Mara ya kwanza 3 yangu ilikaa nafasi ya pili. Mara ya pili ilikaa 4. Mara ya tatu zangu zote zilikuwa nyuma, zikabadilishana zenyewe kwa zenyewe. Ghafla nikasikia 1234. Mzee akaweka kengele mezani, akaenda kuteleka chai.

Hapa shuleni tunatumia gilasi nne za maji na vijiko. Yenye maji kidogo kabisa ndiyo namba 1. Kidato cha Pili hukwama baada ya safu ya 8, pale pale nilipokwama mimi.