Gari la 4x4 Lililotumika kwa Tela na Njia za Porini: Mwongozo wa Mnunuzi wa Ngara na Biharamulo

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka gari moja lifanye kazi mbili: kuvuta tela kwenye vilima vya Ngara, na kupita njia za udongo za Biharamulo hadi mipakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua moja ikishindwa, acha gari hilo hapo hapo.

Maneno manne yatarudiwa. Uzito wa tela ni tela tupu pamoja na mzigo wake. Chasisi ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, mfano wa ngazi iliyolazwa, ambayo bodi hufungwa juu yake kwa bolti. H4 ni gia ya magurudumu manne ya mwendo wa kawaida. L4 ni gia ya magurudumu manne ya nguvu kubwa na mwendo mdogo.

Vifaa: tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, nyundo ya gramu 300, multimita, chaki, kitambaa cheupe, turubai la kulalia na msaidizi mmoja. Tela litahitajika katika hatua ya 8.

1. Hesabu uzito wa tela kabla ya kutazama gari lolote. Mfano: tela tupu kilo 400, mifuko 20 ya sementi ya kilo 50, jumla kilo 1,400. Ongeza robo: kilo 1,750. Robo hiyo si anasa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na mji wa Ngara uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha chukua asilimia 10 ya uzito wa tela, hapa kilo 140: huo ndio mzigo utakaokalia ndoano ya gari. Hakiki: una namba mbili zilizoandikwa, hapa 1,750 na 140. Tela likizidi kilo 750, liwe na breki zake lenyewe.

2. Chagua aina ya gari kwa chasisi na kwa vipuri. Futa Harrier na RAV4. Ni magari mazuri ya lami, lakini bodi yao ndiyo inayobeba kila kitu, na si ya kuvuta tela la sementi kila wiki. Bakiza Land Cruiser za 70 (mkonga) na 80 zenye injini ya 1HZ, Prado 90 yenye 1KZ-TE, na Nissan Patrol yenye TD42. Soma kitabu cha gari cha aina na injini hiyo hiyo: uzito unaoruhusiwa kuvutwa usipungue namba yako ya kwanza, na mzigo unaoruhusiwa kwenye ndoano usipungue ya pili. Halafu nenda kwa mafundi wawili na duka moja la vipuri, Ngara, Biharamulo au Nyakanazi, uulizie vitu vitatu: gasketi ya silinda hedi, pampu ya maji na diski ya klachi. Kama hata kimoja hakiwezi kufika kwa basi ndani ya siku mbili, futa aina hiyo.

3. Linganisha namba. Namba ya chasisi na ya injini kwenye kadi halisi ya TRA ziwe sawa na zilizogongwa kwenye chuma. Kwa Land Cruiser, tafuta ya chasisi kwenye mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Nakala ya kadi haitoshi. Angalia mtandaoni faini za polisi kwa namba ya usajili. Gari lenye namba za Rwanda au Burundi, hata likiuzwa nafuu Rusumo au Kabanga, lisiguswe hadi ushuru ulipwe na kadi ya Tanzania itoke. Na likiwa na usukani wa kushoto, kumbuka kwamba utalipita lori ukiwa na tela nyuma na huoni upande wa kulia.

4. Kagua chasisi kutoka chini. Muuzaji ataanza na viti na redio. Mwache amalize, kisha tandika turubai. Gari liwe limezimwa, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Gonga mihimili yote miwili kwa nyundo, kila sentimita 20, kuanzia nyuma. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti butu au hudondosha magamba. Magari mengi yametoka Japani, na yaliyotumika kwenye baridi kali yametembea juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi. Pale palipopakwa rangi nyeusi mpya, gonga mara mbili zaidi. Tafuta mishono ya kuchomelea isiyo ya kiwandani, hasa kwenye vishikio vya springi na kwenye ndoano ya tela. Ndoano ifungwe kwa bolti kwenye chasisi. Iliyochomelewa kwenye bampa haihesabiki. Mwisho pitisha sumaku kwenye bodi juu ya matairi: isiponata, chini ya rangi kuna puti.

5. Washa injini ikiwa baridi kabisa. Shika silinda hedi kwa mkono. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha kabla yako, rudi kesho asubuhi. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta na kile cha oili. Utando wa mafuta kwenye maji, au ute mweupe kwenye kifuniko cha oili, ni mwisho wa ukaguzi. Washa huku rejeta ikiwa wazi: mapovu yasiyokoma baada ya dakika 3 ni dalili ya gasketi au hedi iliyopasuka. Kwa 1KZ-TE usilegeze hapa, maana hedi yake hujulikana kwa kupasuka injini ikichemka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe ukipita dakika 5, kataa.

6. Pima umeme. Betri iliyotulia: volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikinguruma: 13.8 hadi 14.4. Gari la mfumo wa volti 24, zidisha mara mbili.

7. Jaribu H4 na L4 kwenye changarawe, kamwe si kwenye lami kavu. Chora mstari wa chaki kwenye propela ya mbele. Habu (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele) zikiwa FREE na gia ikiwa H2, yaani ya magurudumu mawili, sogeza gari mita 2 polepole. Msaidizi, akiwa amesimama pembeni, aone chaki haizunguki. Weka habu LOCK, ingiza H4, sogeza tena: lazima izunguke. Land Cruiser 80 na Prado 90 nyingi huendesha magurudumu manne muda wote, hivyo propela itazunguka tangu mwanzo. Kisha simama, ingiza L4 na gia ya kwanza, shuka mteremko bila kukanyaga mafuta wala breki. Gari litambae kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gia ikiruka, transfa (sanduku la gia za H4 na L4) imekwisha.

8. Funga tela na upande mlima. Hatua hii ndiyo inayoamua, na ndiyo wauzaji wengi huikwepa. Pakia robo tatu ya uzito wa tela. Usiende barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, malori hayatakusubiri. Tafuta barabara ya changarawe yenye mwinuko mrefu. Panda kwa gia ya pili kwa dakika 15. Mshale wa joto ukipita katikati na kuendelea kupanda, simama: gari limeshindwa. Katikati ya mlima simama, vuta breki ya mkono, ondoka tena mara 3. Harufu ya klachi ikija mara ya kwanza, diski imeisha. Kwa gia otomatiki, futa kijiti cha oili ya gia kwa kitambaa cheupe: nyekundu ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua si sawa. Shuka kwa gia ya pili. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga breki, rekodi. Subiri saa nzima injini ipoe ndipo ufungue rejeta, na kiasi cha maji kiwe kilekile.

9. Soma matairi yote matano. Tarakimu nne ubavuni, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukubwa uwe mmoja. Umri ukizidi miaka 6, toa bei ya matairi mapya kwenye bei ya gari.

10. Patana, kisha lipa. Kwa anayevuta kila wiki, ninapendekeza 1HZ hata kama bodi ina mikwaruzo: ni ya polepole mlimani, lakini mafundi wengi wanaijua. Prado inamfaa zaidi msafiri wa mara chache. Badilisha oili ya injini, gia, transfa na difu zote mbili kabla ya safari. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000; muuzaji asipokuonyesha risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uubadilishe kabla ya kufunga tela.