Fundi, Msanii na Mchongaji Asiye na Jina

Ukimwambia mtu wa Eldoret kwamba unaenda maonyesho, atakuuliza kama ng'ombe wameshafika. Kwetu hapa maonyesho ni yale ya kilimo: trekta, mbegu za mahindi, fahali wa gredi na bembea za watoto. Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka baba yangu alipoalikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja hapa mjini. Picha za ukutani zilikuwa kama arobaini. Sanamu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya baba.

Kwanza nikueleze sisi ni akina nani. Sisi si wenyeji wa Sisibo, jina ambalo watu hapa huuita mji huu kwa sababu ulianzia kwenye shamba nambari 64. Baba ni Mkamba wa Wamunyu, na huko watu husema mtoto huzaliwa na tezo mkononi. Inasimuliwa kuwa mwanzilishi wa biashara ile ya vinyago alikuwa Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi na ufundi. Baadaye Wakamba wengi waliteremka hadi Mombasa kuchonga, na mwaka wa 1963 wakaunda chama cha ushirika pale Changamwe. Baba naye alichonga Mombasa miaka mingi. Korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka wa 2020, watalii walipotea, twiga wake wakashika vumbi, nasi tukaja huku kwa mjomba.

Huku hakuna mtalii wa kununua twiga. Baba alianza kuchonga miiko na vigoda, halafu siku moja akaleta gogo la mjakaranda na kukaa nalo miezi miwili. Zamani wachongaji walipenda sana mti wa muhugu, lakini muhugu hukua polepole na misitu ya pwani ilikatwa mno, ndipo wengi wakageukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Gogo lile likawa msichana anayekimbia. Mdomo uko wazi, goti moja limelegea, kamba ya kiatu imefunguka. Si bingwa yeyote unayemjua. Ni msichana anayepita mbele ya nyumba yetu alfajiri, akiwa wa mwisho kila siku.

Sasa tuingie ukumbini. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa nane akafika saa tisa na nusu, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, chai ikaja na mandazi. Mimi nilizunguka nikiangalia picha moja moja. Chini ya kila picha palikuwa na kadi yenye jina la picha, jina la mchoraji na bei. Nilipofika kwa yule msichana wetu nilisoma: "Mkimbiaji. Kinyago cha Kikamba." Basi. Bei ilikuwepo. Jina la baba halikuwepo.

Nilimwendea mmoja wa waliosimamia nikauliza kwa adabu. Akanijibu bila ubaya wowote, "Hao wengine ni wasanii. Huyo mzee ni fundi."

Jibu hilo lilinikera wiki nzima, nikaenda kulipeleka kwa Kamusi. Hapa ndipo somo langu lilipo, wanachama wenzangu. Neno "sanaa" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kazi ya mikono, ustadi wa kutengeneza kitu. Kwa hiyo msanii, ukimfuata mpaka kwao, ni fundi! Nalo neno "fundi" ni la Kibantu, la ukoo mmoja na kufunda, kufunza na mwanafunzi. Fundi ni mtu aliyefundwa akaweza kufunda wengine. Sioni lililo chini ya lingine. Tena hapa Kenya tumemharibia msanii jina sisi wenyewe: tapeli akikuuzia simu yenye sabuni ndani, unasema amekufanyia usanii. Nilipomwambia baba kuwa yeye ni msanii, alikasirika. Akaniuliza amemwibia nani.

"Kinyago" nalo lina mambo yake. Vinyago vya asili, kama vile vya kuvaa usoni vya Wamakonde, vilihusika na ngoma na jando, na vilitakiwa kutisha kidogo. Ndiyo maana wahenga wakasema kinyago ukichonge mwenyewe, kisha kikutishe? "Sanamu" ni la Kiarabu, na kule asili yake ni mungu wa kuchongwa. Kwa hiyo huyu msichana mwenye kamba ya kiatu iliyofunguka ama atishe watu ama aabudiwe. Mimi nimechagua sanamu, lakini shingo upande.

Linganisha na Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Huyu alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, kwenye vipande vya ubao wa masonaiti, kwa rangi ya kung'aa kama ile ya baiskeli. Alikufa mwaka wa 1972, alipopigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Alichora miaka michache tu, lakini leo picha yoyote ya mtindo ule, hata ikichorwa na mtu asiyewahi kumwona, inaitwa tingatinga. Jina la mtu mmoja limefunika kazi za mamia. Kwa wachongaji wetu ni kinyume: jina la kabila limefunika watu wote. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nilimuuliza baba kwa nini hakuwahi kuandika jina lake. Akasema Mombasa alikuwa na nambari. Aliiandika chini ya kila kitu, ili fedha zikija ijulikane ni za nani. Jina lingemsaidia nini Mjerumani?

Maonyesho yalipokwisha tulikwenda kumchukua msichana wetu, maana hakununuliwa. Tulimbeba kwenye matatu, kichwa kikitokeza dirishani, na makanga akatudai nauli ya watu watatu. Usiku baba alimlaza mezani, akamgeuza, akanyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza: "Niandike jina moja au yote mawili?"

Nikasema yote mawili. Nilimwandikia kwa penseli chini ya kisigino, naye akafuata kwa patasi. Herufi ya tatu ilimeguka kidogo.